Mashine Ndogo Iandike Nini Katika Kitabu Chake?

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa shule yetu aliadhibiwa kwa kosa asilolitenda, na sehemu kubwa ya lawama ni yangu mimi. Simtaji jina, maana mwenyewe ameniomba nisimtaje. Lakini ameniruhusu kueleza habari yenyewe, nami naieleza kwa sababu ndani yake mna somo linalotufaa sote, wanafunzi, walimu na wazazi, hasa siku hizi ambapo vyombo vyenye kompyuta ndogo vimeingia karibu kila nyumba.

Habari yenyewe ni hii. Klabu yetu ya Sayansi ilitengeneza chombo cha kuangalia maji katika tangi la mabweni. Boya likishuka, chombo huwasha pampu, likipanda, huizima. Ndani yake mna bodi ya Arduino Uno, na mimi ndiye niliyeandika programu yake. Tulikubaliana pia kwamba umeme ukikatika na kurudi, chombo kisiwashe pampu chenyewe, bali kingoje mtu abonyeze kitufe, ili fundi aliyeko kwenye mashine asije akadhurika.

Usiku mmoja pampu haikupandisha maji. Saa 11 na nusu alfajiri tulikuta mabomba makavu, na siku ile Kidato cha Nne tulikuwa na mtihani wa majaribio. Tukashuka mtoni na ndoo gizani, tukaingia katika chumba cha mtihani na miguu yenye matope. Mtu wa mwisho kuonekana penye nyumba ya pampu alikuwa kiranja wa maji, mdogo wetu wa Kidato cha Tatu, ambaye alitoka huko saa 3 usiku. Akaulizwa. Akasema aliiacha pampu ikiwa tayari. Wengine wakasema ameizima ili akalale mapema, asiwe na kazi ya kuiangalia.

Tukasema, haya, chombo kina kitabu chake, na tukisome. Nikaunganisha waya kwenye kompyuta ya maabara, mwalimu wa zamu akisimama nyuma yangu. Zikatoka sentensi 24, zote moja: TANGI HALINA MAJI PAMPU IMEZIMWA. Ya kwanza iliandikwa saa 11 na dakika 7, ya mwisho saa 11 na nusu. Juu ya saa 3 usiku hapakuwa na neno hata moja. Na kwa kuwa sentensi ilisema pampu "imezimwa", watu wakaisoma kama kwamba yuko mtu aliyeizima. Kijana akavuliwa ukiranja, akafyeka nyasi siku 5.

Majuma mawili baadaye mambo yale yale yakatokea mbele ya macho ya mwalimu wetu wa fizikia. Boya lilishuka, pampu ikaanza kuvuta umeme, taa zikafifia, na chombo chetu kikazimika na kuwaka tena, kisha kikakaa kimya kikingoja kitufe. Fundi umeme alipoitwa aliona kiungo cha waya kilicholegea katika nyumba ya pampu. Pampu ikianza tu, umeme ulishuka kiasi cha kukifanya chombo kianze upya. Hapakuwa na mtu aliyezima kitu. Mkuu wa Shule alimrudishia kijana ukiranja mstarini mbele yetu sote, akamtaka radhi. Mimi nilisimama pale nikiona haya, maana nilijua kwamba mashine iliona kila kitu usiku ule, nami ndiye niliyeifundisha kusahau.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nililiweka, na habari zikapotea vile vile. Ilikuwaje? Hilo ndilo nitakalo tulifikiri.

Mabaharia wana neno la zamani, batli, yaani kumbukumbu za mwendo wa chombo safarini ambazo nahodha huziweka. Nitalitumia neno hilo kwa kitabu cha mashine pia, maana kazi ni moja. Nahodha haandiki kila wimbi. Huandika upepo ulipogeuka, tanga lilipopasuka, na mahali chombo kilipokuwa. Jahazi likipatwa na jambo, batli ndiyo itakayosema. Mimi, ole wangu, niliandika kila wimbi.

Twaanze na ukubwa wa kitabu, maana wengi hawaujui. Tumezoea simu ambazo kumbukumbu yake ni baiti mabilioni, na baiti moja yatosha kuweka herufi moja ya maandishi yetu. Chipu iliyo katika Arduino Uno, iitwayo ATmega328P, ina baiti 32,768 za kuwekea programu. Ina baiti 2,048 za kufanyia kazi, ambazo umeme ukikatika hufutika. Tena ina baiti 1,024 za kudumu, ambazo hazifutiki hata umeme ukikatika, na hapo ndipo nilipoweka batli. Ukurasa mmoja wa gazeti letu hili ungezijaza baiti hizo zote na kumwagika.

Sentensi yangu ya kila dakika ilipewa nafasi ya herufi 41, sawa na urefu wa ile iliyokuwa ndefu kuliko zote: TANGI LINA MAJI YA KUTOSHA PAMPU IMEZIMWA. Gawanya 1,024 kwa 41, utapata sentensi 24 na baiti chache za kubaki. Batli ikijaa, sentensi mpya hufuta ya zamani kuliko zote. Basi chombo changu kilikuwa na akili ya dakika 24 tu. Jambo lililotokea saa 3 usiku lilikuwa limekwisha kufutwa kabla ya saa 4, na mahali pake pakaandikwa "tangi halina maji" tena na tena mpaka alfajiri. Haba na haba hujaza kibaba, nami nilikijaza kibaba changu pumba.

Wala nafasi siyo hasara ya pekee. Ya pili ni uchakavu. Chembe za kumbukumbu ya kudumu huchakaa kwa kuandikwa, kama karatasi inavyotoboka kwa kufutwafutwa na raba. Watengenezaji wa chipu ile huahidi kwamba kila chembe itastahimili kuandikwa mara 100,000. Ni nyingi, utasema. Lakini programu yangu ilikuwa na baiti moja ya kukumbuka sentensi ijayo iandikwe wapi, na baiti hiyo niliiandika upya kila dakika. Siku moja ina dakika 1,440. Gawanya 100,000 kwa 1,440, utapata siku 69. Kwa hiyo kabla muhula haujakwisha, baiti ambayo kitabu kizima kiliitegemea ingalipita ahadi ya watengenezaji wake.

Makosa ya namna hii si ya watoto wa shule tu. Mwaka 2021 kampuni ya Tesla ya Marekani iliyarudisha karakanani magari karibu 135,000, kwa sababu chipu ya kumbukumbu katika kompyuta inayoendesha skrini ya gari huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi, na ikichakaa dereva hukosa hata picha ya nyuma ya gari. Mafundi waliozifungua kompyuta hizo walisema kwamba batli iliyoandikwa bila kupumzika ilikuwa na sehemu kubwa katika kuichakaza. Batli iliyowekwa ili kulitunza gari ikawa miongoni mwa mambo yaliyolidhuru.

Hasara ya tatu ni wakati. Kuandika baiti moja katika kumbukumbu ya kudumu ya chipu ile huchukua zaidi ya sehemu 3 kati ya 1,000 za sekunde, basi sentensi ya herufi 41 huchukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hata kuipeleka sentensi hiyo kwa waya kwenye kompyuta, kwa mwendo wa kawaida wa herufi 960 kwa sekunde, ni sehemu 43 kati ya 1,000 za sekunde. Kwetu sisi ni kupepesa jicho. Lakini saa ya chipu ile hupiga mapigo milioni 16 kila sekunde, na katika muda huo wa waya peke yake hupiga zaidi ya mapigo 600,000. Mashine iliyoshughulika kuandika aghalabu haitazami boya.

Na ya nne wengi hatukuijua mpaka mwalimu alipotuonyesha. Katika bodi hii, maneno unayoyaandika katika programu hunakiliwa katika zile baiti 2,048 za kufanyia kazi mara mashine inapowashwa, usipoiambia isifanye hivyo. Sentensi 20 kama zile zangu zingekula karibu baiti 840, yaani zaidi ya thuluthi ya meza ya kazi, hata siku ambayo hazikusemwa. Meza ikijaa, programu huanza kufanya mambo ya kichaa yasiyoelezeka, na mtu huongeza sentensi zaidi ili ajue kwa nini, na kwa kuongeza hizo huzidisha maradhi.

Ndiyo sababu nasema kwamba mashine ndogo iandike machache, na hayo machache yawe yale ambayo mtu atayauliza siku ya shida. Nina mambo matatu ya kuwashauri wenzangu.

La kwanza, iandike badiliko, isiandike hali. Kwamba pampu imezimwa saa hii, na dakika ijayo imezimwa bado, na ijayo imezimwa bado, hiyo si habari. Habari ni kwamba iliwashwa saa fulani na kuzimwa saa fulani, na kwa sababu gani. Chombo chetu huwasha na kuzima pampu kwa kadiri ya mara 4 kwa siku, basi mabadiliko ni 8. Niliyaandika mambo 1,440 kwa siku mahali pa mambo 8.

Mfano mzuri wa shauri hili uko katika zahanati. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa katika ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8, nazo zikiganda au zikipata joto huweza kuharibika bila kubadilika sura. Kwa hiyo ndani ya friji za chanjo huwekwa kidude kidogo chenye betri, ambacho hukumbuka habari za siku 30. Kidude hicho hupima joto mara nyingi mchana na usiku, lakini hakimwonyeshi mwuguzi orodha ya vipimo vyote. Humwonyesha kwa kila siku joto la juu, joto la chini, na kama hatari imetokea: aghalabu joto lililozidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au ubaridi wa nusu nyuzi chini ya sifuri kwa dakika 60. Mwuguzi mwenye foleni ya akina mama na watoto wao atazama kwa nukta chache akajua. Waliokitengeneza walijiuliza kwanza, "Msomaji atataka kujua nini?" Mimi sikujiuliza.

La pili, iandike nambari, na maneno tuyaweke kwetu. Mashine haina haja ya kushika sentensi nzima. Yatosha iandike 5, na sisi tuwe na orodha isemayo kwamba 5 maana yake ni "umeme ulishuka nikaanza upya". Sentensi yakaa ukutani ambako nafasi ni nyingi na haina gharama. Nambari yakaa katika mashine ambako kila baiti ina thamani.

Njia hii si ngeni, na imepata kujaribiwa mahali pagumu kuliko nyumba ya pampu. Tarehe 20 Julai, 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin walipokuwa wakiteremka kwenye mwezi, kompyuta yao iliwatolea nambari 1202, na baadaye 1201. Kompyuta ile ilikuwa na nafasi 2,048 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi, kila moja ya ukubwa wa karibu baiti mbili. Haikuwa na mahali pa kueleza kwa maneno. Lakini huko Houston kijana mmoja mhandisi, Jack Garman, alikuwa na orodha ya nambari zote za hatari aliyoiandika kwa mkono wake. Alitazama, akajua kwamba maana yake ni kompyuta kuwa na kazi nyingi kupita kiasi, nayo yaziacha zile ndogo na kuendelea na kubwa. Akamwambia Steve Bales, aliyekuwa na dhamana ya uongozaji wa chombo, kwamba waweza kuendelea. Wakaendelea, wakatua. Tarakimu 4 na karatasi moja zilitosha, kwa kuwa orodha ilitayarishwa kabla ya shida.

La tatu, makubwa yasisukumwe na madogo. Batli ikiwa ni moja, habari za kawaida, kwa wingi wake, zitazifuta habari za hatari zilizo chache. Hapana budi kuzitenga. Na jambo moja likirudi mara nyingi, liandikwe mara moja pamoja na hesabu, lisiandikwe mara mia.

Haya ndiyo tuliyoyafanya muhula huu. Kila tukio sasa lina baiti 4: moja ya nambari, moja ya kipimo au hesabu, na mbili za dakika tangu mashine ilipowashwa. Katika zile baiti 1,024 zapatikana nafasi 256. Nafasi 200 tumezipa mambo ya kawaida, na 56 mambo ya hatari. Katika kila fungu nafasi moja huachwa tupu mbele ya tukio la mwisho, nayo ndiyo alama ya mahali pa kuandika tena. Ile baiti moja ya kuchakaa haipo tena. Kwa matukio 8 kwa siku, fungu la kawaida hushika habari za karibu siku 25, na katika siku hizo kila nafasi huandikwa mara mbili tu. Mashine ni ile ile, kumbukumbu ni ile ile, na hatukununua kitu. Kutoka dakika 24 mpaka siku 25.

Sasa turudi kwenye usiku ule. Kama batli hii ingalikuwako, tungalisoma nambari mbili: 2, "pampu imewashwa kwa boya", kisha 5, "umeme ulishuka nikaanza upya". Na mashine ingalituambia kwamba tangu ianze upya zimepita dakika 500. Toa dakika 500 katika saa 11 na nusu alfajiri, utafika saa 3 na dakika 10 usiku. Wakati huo kijana yule alikuwa kitandani katika bweni, mbele ya macho ya wenzake na mwalimu wa zamu aliyewahesabu. Nambari mbili, baiti 8. Hizo zingalimwokoa.

Najua wako wasiokubaliana nami, na baadhi yao ni rafiki zangu klabuni. Mmoja husema, "Kwa nini tujitese? Kadi ya kumbukumbu si ghali. Tuchomeke kadi, tuandike kila kitu." Namjibu kwamba programu ya kawaida ya kuandika katika kadi huchukua baiti 512 za meza ya kazi kwa ajili yake peke yake, nazo ni robo nzima ya zile 2,048. Tena umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili la kadi laweza kuharibika, na umeme kukatika ndilo jambo lenyewe tunalotaka kuliandika. Zaidi ya hayo, nafasi kubwa haimpi mtu busara ya kuchagua.

Juu ya hilo naleta ushahidi wa Spirit, gari la Wamarekani lililotua katika sayari ya Mars mwezi wa Januari, 2004. Hilo halikuwa maskini kama bodi yetu, maana lilikuwa na megabaiti 256 za kumbukumbu ya kudumu. Lakini tangu safarini lilikuwa likiweka mafaili, na mafaili yakawa mengi mno. Tarehe 21 Januari likaacha kujibu ipasavyo. Kila lilipowashwa lilijaribu kuyapanga mafaili yale, nafasi ya kufanyia kazi haikutosha, likaanguka na kuanza tena, usiku na mchana, hata betri zikawa hatarini. Wahandisi wa California waliliokoa kwa kuliamuru liamke bila kuigusa kumbukumbu ile, kisha wakafuta mafaili. Baada ya hapo liliendelea na kazi mpaka mwaka 2010, ingawa lilikuwa limekusudiwa siku 90 tu. Basi kama mafaili yaliweza kulifunga gari la namna ile, kadi yetu ya dukani itatufaa nini tusipojua kuchagua?

Wa pili husema, "Nambari hazisomeki. Batli ni ya watu, na watu husoma maneno." Huyu ana haki kwa nusu. Nambari bila orodha ni fumbo. Na orodha ikibadilishwa bila mashine kubadilishwa, ni uongo, tena uongo mbaya kwa kuwa wafanana na kweli: mtu husoma 4, "kitufe kimebonyezwa", kumbe mashine ilikusudia jambo jingine. Ndiyo sababu tukio la kwanza ambalo chombo chetu huandika kila kinapowashwa hubeba pia nambari ya toleo la orodha, na orodha yenyewe imebandikwa mlangoni mwa nyumba ya pampu, na nakala nyingine iko kwa mwalimu wa fizikia. Anayeongeza nambari huongeza pote. Kazi hiyo ni ndogo, lakini mvivu asiyeifanya ni heri abaki na maneno.

Wa tatu husema, "Mashine ikifanya kazi vema haihitaji batli, na ikiharibika tutaitengeneza." Huyu nampeleka kwa yule kijana aliyefyeka nyasi.

Nimefika hapo kwa makusudi, kwa maana jambo hili si la mafundi tu. Zamani kitu kikiharibika palikuwa na watu walioona. Leo pampu huwashwa na chipu, umeme hupimwa na mita ya LUKU, chanjo hulindwa na kidude chenye betri, na hakuna mtu aliyesimama hapo usiku kucha. Shahidi amekuwa ni mashine. Na shahidi huyu hasemi ila yale ambayo mwandishi wa programu alimfundisha kuyashika. Kijana wa miaka 17 akikaa mbele ya kompyuta na kuchagua nini kiandikwe na nini kisiandikwe, huwa anachagua, bila kujua, nani ataaminiwa na nani hataaminiwa siku kitu kitakapoharibika. Mara nyingi asiyeaminiwa ni yule mdogo aliyekuwa wa mwisho kuonekana mahali.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwa wenzangu wa klabu, na wa vidato vya chini mtakaotupokea, naomba kila chombo tutakachokitengeneza kianze na karatasi kabla ya waya. Tuandike kwanza maswali ambayo mtu atauliza siku ya shida, na tuyahesabu. Maswali hayo ndiyo batli. Yasiyojibu swali lo lote katika hayo tuyaache, hata kama twaweza kuyaandika.

Kwa walimu wetu na wazazi wetu, naomba kwa adabu zote kwamba batli isiyosema neno isihesabiwe kuwa ushahidi. Alfajiri ile mashine haikusema kwamba kijana amezima pampu. Ilisema tu kwamba pampu haifanyi kazi, jambo ambalo kila mwenye ndoo alilijua. Yaliyobaki tuliyajaza sisi wenyewe. Mkuu wa Shule alifanya jambo kubwa kusimama mstarini na kumtaka radhi mwanafunzi, nasi tuliliheshimu sana. Afadhali zaidi lingekuwa pasiwe na haja ya radhi.

Kijana yule sasa ni mwanachama wa klabu. Nilipomwomba anisaidie kuipanga orodha ya nambari, alikaa akafikiri, kisha akasema iongezwe moja ambayo sisi sote hatukuiwaza: "mlango wa nyumba ya pampu umefunguliwa". Tumeipa nambari 7, na swichi ya mlango tumekwisha kuifunga. Mimi nitamaliza shule mwaka huu. Kitabu nimemwachia yeye.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne